Hakuna mpunga wa kila balaa

Swali: Assalaam alaikum. Mimi nakaa Langoni, Lamu, lakini shamba la mpunga la mamangu liko Ozi, karibu na Kipini, mto Tana unapomwagikia baharini. Msimu uliopita mpunga ulisimama vizuri, ukabeba mimba, ukachanua, kisha masuke mengi yakabaki meupe, matupu. Msimu wa kabla yake mafuriko yaliuzamisha. Majirani wengine wanasema ni chumvi, wengine wanasema ni ugonjwa. Nimesoma kuwa kuna mpunga wa chumvi, kuna wa mafuriko, na kuna usioshikwa na magonjwa. Kwa nini watafiti wasizitie sifa zote hizo ndani ya mbegu moja, tena iwe na harufu na ladha ya huu mpunga wetu wa asili ambao mama hataki kuuacha? Na ikiwezekana, itachukua miaka mingapi?

Jibu: Waalaikum salaam, mwanangu, na mfikishie bi mkubwa shikamoo yangu.

Mbegu moja ya kuhimili kila kitu haipo, na sioni ikipatikana katika umri wangu wala wako. Mbegu ya kuhimili mambo mawili matatu, yale yanayoua mpunga wa Ozi hasa, hiyo inawezekana, na mali yake nyingi imeshapatikana. Kinachokwamisha mara nyingi ni kwamba hakuna aliyemwambia mtafiti kwa uhakika ni kitu gani kinaua, na kinaua mpunga ukiwa na umri gani. Asipojua hayo atakuletea mbegu iliyotengenezwa kwa shida ya mtu mwingine. Kwa hiyo tupite shambani kwanza.

Suke jeupe tupu lina sababu zaidi ya moja, na ukisimama kando ya shamba zote zinafanana. Yakitokea tena, mama alishike suke moja kwa vidole viwili chini kidogo ya shingo, alivute polepole kwenda juu. Likichomoka bila ubishi, na mwisho wa bua ukawa umeguguniwa, pengine una ungaunga wa kinyesi cha mdudu, huyo ni bungua wa shina. Funza wake amelikata bua kwa ndani wakati suke lilikuwa bado halijajaa. Suke lisipochomoka, atazame shingo, pale bua linapokutana na suke. Pakiwa na pete ya kahawia au kijivu, pamenyauka, na suke limekunjikia hapo hapo, hiyo ni blasti, ugonjwa wa ukungu. Shingo ikiwa safi na ya kijani, suke haling'oki, lakini punje zake ni makapi, ncha ya suke imekauka na kupauka, na majani yameungua kuanzia nchani kurudi nyuma, hapo ndipo nitakubali kuzungumza chumvi, au kiu. Atazame pia mpangilio. Chumvi hushika upande mzima, hasa ule wa mfereji na vile vidimbwi ambavyo maji hayapiti. Bungua hupiga suke hapa, suke pale.

Kwa maelezo yako mimi naelemea kwenye chumvi, kwa kuwa ni Ozi. Huko watu wamelima tangu zamani kwa hesabu ya bahari: maji ya chumvi ni mazito, yakijaa hupita chini na kuyainua maji matamu ya mto, na hayo matamu ndiyo yanayoingia majarubani. Hesabu hiyo inataka mto wenye nguvu. Mto ukilegea, kama katika ukame wa 2020 hadi 2023, chumvi inapanda juu zaidi, na bamvua, yale maji makuu ya bahari, ikija inaimimina shambani. Zaidi ya hapo, yale mafuriko ya kiasi yaliyokuwa yakija na kuiosha ardhi yamepungua tangu mabwawa ya umeme yajengwe huko juu, hasa lile kubwa la Masinga lililoanza kazi 1981. Mimi niko Malindi, ambako kutoka Gongoni hadi Marereni chumvi ndiyo inayovunwa, kwa hiyo sina haja ya kushawishiwa kuwa bahari inaingia mbali.

Mpunga ni dhaifu mbele ya chumvi kuliko nafaka nyingi. Vipimo vya udongo husema mavuno huanza kupungua chumvi ikipita desisimensi 3 kwa mita (hicho ni kipimo cha chumvi kwa kupima jinsi umeme unavyopita), na kila kipimo kimoja kinachoongezeka huondoa karibu asilimia 12. Shayiri huvumilia hadi 8. Maji ya bahari yenyewe ni karibu 50, maana yake ndoo moja ya bahari ndani ya ndoo kumi na sita inatosha kuanza kudhuru. Lakini mpunga hauumii sawasawa maisha yake yote, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine. Mbegu ikiota inavumilia. Mche wa wiki mbili tatu ni dhaifu sana. Ukishatoa machipukizi unavumilia tena. Kisha unapobeba mimba na kuchanua unarudi kuwa dhaifu, na hapo hauna muda wa kujirekebisha, kwa sababu punje ama imechavushwa ama haikuchavushwa.

Sasa, mpunga wa chumvi unaousoma, asili yake kubwa ni Pokkali, mbegu ya wakulima wa Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya India. Mashamba yao yanajaa na kupwa na bahari kama yenu. Mvua zikinyesha hulima mpunga, zikikatika na maji ya chumvi kuingia hufuga kamba humo humo. Pokkali haikutengenezwa na mtafiti yeyote. Waliichagua wenyewe, wazee kwa wajukuu. Watafiti walikuja baadaye kuuliza inafanyaje, wakakuta siri yake moja iko kwenye kromosomu ya 1, mahali walipopaita Saltol. Hapo mna jeni inayoweka mlango kwenye mishipa ya maji ya mmea: sodiamu inayopanda kutoka mizizini inatolewa njiani kabla haijafika majanini, potasiamu inaachwa ipite.

Mlango huo hufanya kazi yake vizuri mche ukiwa mchanga. Wakati wa kuchanua ulinzi unategemea jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na Saltol peke yake haitoshi. Kwa hiyo mkipewa mbegu yenye Saltol mkaipanda Ozi, miche inaweza kusimama kitaluni na kupendeza, kisha masuke yakatoka meupe vile vile, na bi mkubwa akaapa kuwa ametapeliwa. Hakutapeliwa. Amepewa dawa ya asubuhi kwa ugonjwa unaokuja jioni. Mbegu ya kwenu inataka wazazi waliojaribiwa chumvi wakati wa kuchanua, na majaribio hayo ni magumu, ndiyo maana ni machache: huwezi kuyafanya kwenye trei za maabara kwa wiki tatu, unalea mmea miezi mitatu halafu ndipo unautia chumvi, na kila aina ichanue siku zinazokaribiana ili ulinganifu uwe wa haki.

Tuje kwenye mafuriko. Iko mbegu ya zamani ya jimbo la Odisha, India, inaitwa FR13A, ambayo inaweza kuzama mzima mzima chini ya maji wiki mbili, maji yakishuka ikaendelea. Ilijulikana miongo kadhaa bila kuwafaa wakulima wengi, kwa sababu kila ilipozalishwa na mbegu nzuri, watoto walirithi uhimilivu pamoja na mavuno haba na mchele usiopendeza. Mwaka 2006 ikatangazwa kuwa kazi kubwa hufanywa na jeni moja, Sub1A, iliyo kwenye kromosomu ya 9. Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Mpunga, kilichoko Los Baños, Ufilipino, kikaiingiza ndani ya Swarna, mbegu inayopendwa sana India, kwa uzalishaji wa kawaida wa chavua na ua. Swarna-Sub1 ilitolewa kwa wakulima wa India 2009, na leo ndugu zake wanalimwa na mamilioni ya watu.

Mpunga wa kawaida ukifunikwa na maji huhangaika kurefuka ili utoe kichwa. Unamaliza akiba yake yote ya sukari, na maji yakishuka unalala, umekwisha. Wenye Sub1A hufanya kama nahodha anayeshusha tanga na kutia nanga mpaka dhoruba ipite: unaacha kukua, unabana akiba, unangoja. Lakini ipo aina nyingine kabisa, mpunga wa maji marefu wa Bangladesh na Thailandi, ambayo hufanya kinyume. Wenyewe unakimbizana na maji, bua linarefuka hata sentimita 20 kwa siku, likafika mita kadhaa, na suke likaja kuvunwa kwa mtumbwi. Kinachonistaajabisha ni kwamba ishara ni ile ile moja. Mmea ukizama, gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi, hujikusanya ndani yake kwa kukosa pa kutokea. Jeni za mpunga wa maji marefu zikiinusa gesi hiyo huamrisha mmea upande. Sub1A ikiinusa huamrisha utulie. Mmea mmoja hauwezi kutii amri zote mbili.

Ukilielewa hilo umelijibu nusu ya swali lako. Uhimilivu si mzigo unaoongezwa juu ya mwingine mpaka jahazi lijae. Baadhi ya sifa zinapingana, na mzalishaji wa mbegu hulazimika kuchagua upande. Na mwenye kujua upande wa kuchagua ni bi mkubwa. Maji yalikaa siku ngapi? Yaliufunika mpunga kabisa au yalifika nusu? Kama yalifunika kwa siku kumi yakapita, Sub1A ni yenu. Kama yalituama kiunoni miezi miwili, kama ilivyotokea sehemu nyingi za delta mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, Sub1A haiwafai kitu. Mpunga wake ni mfupi, na maji yaliyotuama muda mrefu huudhoofisha hadi ukaoza. Kuna mambo ambayo mbegu haitatui, na mafuriko ya mwezi mzima ni mojawapo.

Chumvi na mafuriko ya muda mfupi hazipingani, nakubali. Sub1A na Saltol ziko kwenye kromosomu tofauti na zinaweza kukaa pamoja. Bangladesh, ambayo pwani yake inapata yote mawili kwa pamoja, imeshatoa mbegu yenye uhimilivu huo wa aina mbili. Kwa hiyo usinielewe vibaya: mawili ndiyo, matatu pengine.

Magonjwa na wadudu ni jambo la namna nyingine, kwa sababu chumvi haijifunzi. Mdudu anajifunza. Mwaka 1973 ilitolewa Ufilipino mbegu ya IR26 iliyokuwa haiguswi na panzi wa kahawia wa mpunga. Baada ya misimu michache tu panzi waliokuwa wakiimudu walishazaana, na ikabidi itafutwe jeni nyingine. Blasti ndiyo hatari zaidi kwa tabia hiyo. Zimeshatambuliwa jeni zaidi ya 100 za kuuzuia ukungu huo, na nyingi zikitumika moja moja hudumu misimu michache. Wakulima wa pishori kule Mwea wanaijua blasti vizuri, maana Basmati 370 yao ni chakula chake. Kwa hiyo siku hizi watafiti huziunganisha jeni mbili au tatu ndani ya mmea mmoja, ili ukungu ulazimike kuzishinda zote kwa mara moja.

Kuna ugonjwa mmoja ningependa mama aujue kwa sura, kwa kuwa ni wa nyumbani. Mpunga unageuka manjano yenye mabaka ya kijani, unadumaa, suke halitoki lote. Tanzania wakulima huuita kimyanga. Uligunduliwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Kenya, mwaka 1966, Otonglo karibu na Kisumu. Ni kirusi, na hakipatikani nje ya Afrika na visiwa vyake, ndiyo maana mbegu nyingi zinazoletwa kutoka Asia, hata zile za sifa kubwa, hukutana nacho bila kinga yoyote. Hapa ndipo kuagiza mbegu iliyokwisha kufaulu kwa wengine kunapotuponza. Kinga yake imepatikana kwenye mpunga wa Kiafrika, na katika mbegu moja ya Msumbiji inayoitwa Gigante. Kirusi hiki, ili kizaane, hutegemea protini fulani ya mpunga wenyewe. Katika Gigante protini hiyo imebadilika kidogo tu, mmea unaendelea kuitumia kama kawaida, ila kirusi hakipati pa kushika. Kwa kuwa hakipiti kwenye mbegu, mama akikiona asiogope kuhifadhi mbegu ya msimu. Aogope mundu na mikono inayotoka shamba lenye ugonjwa kwenda lisilo nao, na vijidudu vigumu vya jamii ya mbawakawa vinavyotafuna majani.

Na ule mpunga mwitu wenye mashina yanayotambaa chini ya ardhi, ambao wakulima wa mabonde ya pwani huung'oa kwa matusi? Una mali ndani yake. Jeni ya Xa21, inayokinga ugonjwa wa bakteria wa kukausha majani, ilitoka kwa mpunga mwitu wa aina hiyo hiyo uliochukuliwa Mali, na mwaka 1995 ikawa ya kwanza ya aina yake kwenye mpunga kutambuliwa hadi herufi zake za DNA. Endeleeni kuung'oa shambani, lakini nisingependa mtu aumalize bondeni.

Sasa nikueleze kazi yenyewe ya kuzalisha, maana watu wengi hudhani ni jambo la mashine. Ua la mpunga ni punje yenyewe kabla haijawa punje. Ndani ya maganda mawili mna vifuko sita vya chavua na kijiua cha kike katikati, na kwa kawaida ua hujichavusha lenyewe karibu kabla halijafunguka. Mzalishaji anayetaka kulichanganya lazima aliwahi. Jioni anachagua suke la mmea mama lililotoka nusu, anakata kwa mkasi mdogo theluthi ya juu ya kila punje, kwa mshazari, kisha kwa kibano anavitoa vile vifuko vyote sita bila kukigusa kijiua. Kimoja kikipasuka, punje hiyo hutupwa. Anafunika suke kwa mfuko wa karatasi, anaandika jina na tarehe. Kesho yake, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, maua ya mpunga yanapofunguka, analeta suke la baba, anafungua mfuko, analikung'uta juu, anafunika tena. Baada ya wiki nne kwenye suke lote anaweza kupata punje ishirini zilizojaa, zimechomoza uchi kwa sababu maganda yalikatwa. Hizo ndizo kazi yake yote ya msimu.

Tuseme mama ni huo mpunga wenu wa asili na baba ni Pokkali. Mtoto wa kwanza ni nusu kwa nusu: atakuwa na chumvi ya Pokkali, na pia urefu wake wa kuanguka upepo ukivuma, na wekundu wa mchele wake. Kwa hiyo mtoto anarudishwa kwa mama, akapatikana mjukuu wa robo tatu mama, tena akarudishwa, ikawa saba ya nane, tena, kumi na tano ya kumi na sita. Kila kizazi unahakikisha kuwa kile kipande cha Saltol hakijapotea njiani. Zamani ulihakikisha kwa kutia chumvi na kuona nani anakufa. Sasa unakata kijipande cha jani la mche, unasoma alama za DNA, na baada ya siku chache unajua miche ipi ya kuendelea nayo na ipi ya kutupa, chumvi hujaitia bado.

Harufu ni habari njema, kwa sababu inatokana na jeni iliyoharibika. Mpunga wa kawaida una kimeng'enya kinachozuia ile harufu isijitengeneze. Katika mpunga wa kunukia, jeni ya kimeng'enya hicho, kwenye kromosomu ya 8, ina kasoro, na harufu inatoka. Kasoro hiyo lazima irithiwe kutoka kwa wazazi wote wawili. Ndiyo maana mtoto wa kwanza wa mpunga unaonukia na usionukia huwa hanuki kabisa, na wakulima waliowahi kuonja mseto wa kizazi hicho wakasema watafiti wameua ladha. Kizazi kinachofuata, kikijichavusha, robo yake hunukia tena. Ladha kinywani na namna wali unavyochambuka ni ngumu zaidi, kwa kuwa zinategemea wanga na mambo mengi mengine, na hazina njia ya mkato. Lazima mtu apike, aonje. Nionavyo mimi, wa kuonja wawe akina mama wa Ozi na Lamu watakaoutia tui. Jopo la mjini lenye vijiko vya plastiki halijui wali wa nazi unavyotakiwa kuwa.

Miaka? Kuchanganya na kurudisha kwa mama mara tatu, kwa banda zuri la kukuzia mimea, ni kama miaka miwili. Kujichavusha mpaka mbegu itulie, mwaka mmoja au zaidi. Majaribio kwenye mashamba ya wakulima, misimu miwili au mitatu. Kisha majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua mimea na mbegu, halafu kuzidisha mbegu. Sifa moja inayobebwa na jeni kubwa moja, ndani ya mbegu mnayoipenda: miaka sita hadi minane kwa haraka. Chumvi wakati wa kuchanua, yenye jeni nyingi ndogo: mimi nisingemwahidi mtu chini ya kumi. Atakayekuahidi miwili anakuuzia kitu.

Na kwa kuwa nimefika kwenye kuuziwa, neno moja kuhusu mbegu mtakazoambiwa dukani. Nerika ni kazi ya heshima. Monty Jones wa Sierra Leone aliongoza kuuchanganya mpunga wa Afrika na wa Asia kule Bouaké, Ivory Coast, katika miaka ya 1990, jambo lililokuwa likishindikana kwa kuwa watoto walikuwa tasa, na mwaka 2004 alipewa tuzo ya kimataifa ya chakula. Kenya imeidhinisha Nerika 1, 4, 10 na 11. Lakini ni mpunga wa nchi kavu, wa kutegemea mvua, unaokomaa mapema ukakwepa ukame. Ukitaka kujaribu juu huko Witu au Mpeketoni, jaribu. Usiupeleke kwenye bonde la Ozi ukategemea utapigana na bahari. Komboka nayo inazaa vizuri na ina harufu kiasi, ila iko kwa ajili ya maji matamu ya kumwagilia.

Wakati mnangoja, bi mkubwa anaweza kufanya uzalishaji wa namna ya wazee wa Kerala, na sisemi hivyo kumfariji. Mpunga wa asili si mmea mmoja. Ni mchanganyiko wa nasaba nyingi zilizoishi pamoja, na kwa kuwa mpunga hujichavusha, kila nasaba hubaki jinsi ilivyo. Katika ile kona iliyopigwa na chumvi, masuke machache bila shaka yalijaa. Hayo ndiyo anayotakiwa kuyakata kwa mkono kabla ya mavuno, kila suke kwenye bahasha yake, asiyachanganye. Asichague lililojaa kwenye kituta au kwenye mdomo wa maji matamu, kwa sababu hilo limepona kwa bahati ya mahali. Achague lililojaa huku majirani zake wa kushoto na kulia, walio kwenye tope lile lile, ni makapi.

Msimu unaofuata kila suke lipandwe mstari wake peke yake, katika kona ile ile ya chumvi, na katikati ya kila mistari mitano uwepo mmoja wa mbegu ya kawaida ya ghalani. Mistari mingi itakufa na hiyo ya ghalani pamoja. Ikibaki miwili mitatu inayotoa masuke yenye punje pale ambapo ghala limeshindwa, mmepata kitu ambacho hakuna banda la Los Baños linaloweza kuwapa: mpunga wa kwenu, unaonuka vile vile, ulioipita chumvi ya Ozi wakati wa kuchanua. Huo utafaa kuliwa, na utafaa pia kuwa mzazi mama wa kazi ya kitaalamu, akaongezewa Sub1A au kinga ya kimyanga.

Kuna na la kalenda. Mpunga wa asili mama anajua unachanua siku ya ngapi tangu kupandwa. Ahesabu kurudi nyuma, ili wiki ya kuchanua isiangukie wakati mto umepungua, hasa siku za bamvua, na miche aipandikize ikiwa na siku 30 badala ya 20, kwa sababu iliyokomaa kidogo huipita chumvi ya mwanzo. Maji yakiwa matamu ayaingize na kuyatoa mara kadhaa kuosha jaruba. Kuyaacha yatuame hakuoshi kitu, jua huyakausha na chumvi ikabaki.

Wewe uliye Lamu, kazi yako ni hii: nunua au azima kipimo cha chumvi ya maji, kile kidogo cha mkononi, na mpe kijana wa huko apime maji ya mfereji kila bamvua na kila maji mafu, aandike tarehe na namba, pamoja na siku mpunga ulipobeba mimba na ulipochanua. Daftari hilo la msimu mmoja, pamoja na bahasha za masuke na gramu mia mbili za mbegu ya mama yenye jina lake na jina la kijiji, yapelekwe KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kituo cha Mtwapa. Watakapokuuliza mnataka mbegu ya nini, waambie tarehe na kipimo cha chumvi, kisha waonyeshe mistari iliyopona.